Tyuni ya Obadiah

Mahubiri yalikuwa mazuri, tusimwonee mchungaji. Sauti yake ilipanda na kushuka ilivyotakiwa, na hata kikohozi chake kilisikika wazi kwenye tepu. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyekuja nyumbani kwa Mbula Jumatatu ile kusikiliza mahubiri. Walikuja kusikiliza gitaa la Obadiah, mume wake, aliyezikwa miezi kumi iliyopita.

"Labda wimbo uko mbele," Josephat alisema, akaizungusha tepu mbele. Mchungaji alikuwa mbele pia: "...na pombe, na madansi, ndugu zangu, mwisho wake ndio huu mnaouona..." Akaizungusha nyuma. Mchungaji alikuwa nyuma vilevile, anawakaribisha waombolezaji wakae.

Hapo ndipo Kilonzo, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na kofia yake ya reli juu ya goti, aliposema, "Ni mimi."

"Wewe nini?" Mbula aliuliza.

"Siku ya mazishi ulisema, shemeji, turekodi ili ndugu zako wa Kitui wasikie. Tepu nyingine sikuwa nayo. Nikageuza upande wa pili, nikaiacha mashine karibu na mchungaji. Nilidhani nimegeuza."

Kituku, mpiga ngoma, alifikiri kidogo. "Kwa hiyo umemfuta Obadiah," akasema polepole. "Umemfuta kwa mahubiri ya kumsuta Obadiah." Kicheko kilimpanda mpaka kooni, akamtazama Mbula, akakimeza.

"Na ulijua lini?" Mbula akauliza.

"Wiki ileile."

"Miezi kumi!" Mbula alisimama. "Miezi kumi unakula ugali wangu hapa, unaniambia tepu iko salama, umeifunga kwa kitambaa! Kilonzo, wewe ni mtu wa aina gani?"

Kilonzo aliizungusha kofia gotini. Alikuwa mtu mkubwa wa miaka arobaini na moja, kazi yake kugeuza njia za reli pale stesheni ya Voi, na katika kazi hiyo ya miaka kumi na minne hakuwahi kupeleka gari moshi njia isiyo yake hata siku moja. Upande wa tepu ndio uliomshinda.

Josephat alizima mashine. Huyu zamani alikuwa dereva wa gari la senema lililokuwa likizunguka vijijini kuwaonyesha wakulima jinsi ya kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe. Akapata wazimu wa senema. Alinunua kamera kuukuu ya kuzungusha kwa mkono, na kwa Jumapili tano za mwaka wa sabini na tatu akaitengeneza filamu yake mwenyewe. Ilikuwa ya dakika ishirini na mbili, na mpaka siku hiyo hakuna mtu nje ya Voi aliyejua kama iko duniani. Ilikuwa hadithi ya wapiga gitaa wawili marafiki. Mmoja anakufa, aliyebaki anakataa gitaa, halafu mwishoni anakwenda kaburini na kulipiga. Waigizaji walikuwa Obadiah na Kilonzo, kwa sababu ndio aliokuwa nao. Na aliyekufa katika filamu ni Kilonzo. Walijaribu kwanza Obadiah afe, lakini Kilonzo alipoambiwa alie kaburini alikuwa anacheka, kila mara anacheka, filamu inaisha bure. Basi wakabadilishana.

Kamera ile ilikuwa bubu. Sauti yote ilikuwa kwenye tepu.

"Basi maonyesho ya Jumamosi tuyaahirishe," Josephat alisema. "Projekta nitairudisha Mombasa Jumapili, nitaiomba tena mwakani."

"Mwakani Mama atakuwa na miguu?" Mbula akauliza.

Mama huyo alikuwa Mama Lois, mzazi wa Obadiah, aliyekaa juu milimani kule Mgange na ambaye magoti yake yalikuwa yanakataa mteremko mwaka hadi mwaka. Mama Lois hakuwahi kumsikia mwanawe akipiga gitaa. Lilikuwa jambo la baa, naye alikuwa mtu wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani kila Alhamisi kwenye ibada ya kina mama. Siku ya mazishi alisimama upande wa mchungaji: gitaa halitasikika hapa. Bendi nzima ya Obadiah ilisimama nje ya uzio na vyombo mikononi, watu wazima, mpaka mwenzao akafukiwa. Lakini mama ni mama. Picha pekee ya mwanawe aliyokuwa nayo ilikuwa ile ya kitambulisho, ndogo, sikio moja limefunikwa na muhuri. Aliposikia kuna senema yenye uso wa Obadiah, alituma ujumbe: nitashuka Jumamosi, nione uso, ngoma sitaki.

"Anataka uso," Kituku alisema. "Uso upo. Si tumwonyeshe uso tu?"

"Aone mtu anajikuna tumbo kwa kipande cha mbao?" Mbula alikuwa amekasirika kweli sasa. "Sikilizeni. Mama alizika mlevi. Aliambiwa ni mlevi, akamzika mlevi. Mimi nilizika fundi. Nataka amsikie mara moja. Akisikia akachukia, sawa, atakuwa amesikia. Tepu imekufa, nyinyi hamjafa. Mtapiga wenyewe, hapo hapo, mbele ya picha."

"Nani atapiga solo?" Kilonzo aliuliza, ingawa alijua.

"Wewe."

"Siwezi."

"Ulifuta wewe, utaandika wewe."

*

Jumatano alasiri walitundika shuka jeupe ukutani kwa Mbula, pale landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, wakaziba madirisha kwa blanketi za majirani. Josephat akawasha projekta. Obadiah akatokea.

Alitokea mzima, shati la mikono mifupi, jino la mbele limevunjika kona, anamcheka mtu asiyeonekana. Mbula alikuwa ameiona filamu hiyo mara moja tu, kabla ya msiba. Alikishika kiti kwa mikono miwili. Alikuwa ameapa hatalia mbele ya watu wenye kazi.

Kilonzo alikuwa na gitaa la marehemu mapajani. Katika filamu vidole vilionekana vizuri, maana Josephat alivipenda, alivisogelea mpaka vikajaa shuka zima. Kilonzo alikuwa hodari. Aliangalia kidole cha Obadiah kinapokwenda, akaweka chake hapohapo, uzi uleule, kituo kilekile cha shingo ya gitaa. Akapiga.

Lo! Sauti iliyotoka ilikuwa ya kopo linaloburutwa.

"Rudisha," akasema. Josephat akarudisha. Akapiga tena. Kopo lilelile.

Kilonzo akaweka gitaa chini. "Mnaona? Nimewaambia. Ile tyuni yake hakuna anayeijua."

Hii ilikuwa desturi ya wapiga gitaa wa siku zile, kuanzia Voi hadi Machakos na kwingineko. Kila fundi alikuwa na tyuni, namna yake ya kukaza nyuzi sita, wengine wakipandisha mmoja, wengine wakishusha wawili, na hiyo ndiyo ilikuwa mali yake. Akitaka kwenda hata kujisaidia, kwanza analegeza nyuzi zote, ndipo anaweka gitaa chini, asije mwenzake akaligusa na kuiba. Obadiah alikufa kwa nimonia ya siku tano. Siku ya kwanza, kabla hajakubali kulala kitandani, alilegeza nyuzi.

"Miaka tisa," Kilonzo alisema. "Nilimpigia gitaa la ridhimu miaka tisa. Tulilala chumba kimoja Taveta, Mwatate, Mackinnon Road. Mtoto wake wa kwanza nilimbeba mimi kumpeleka hospitali. Kila Jumapili asubuhi nilikuja hapa, shemeji si unajua, na soda mkononi, nikimwambia: leo niambie. Nilikuwa nabahatisha: ni uzi wa tatu? Ni wa tano? Anacheka tu. Anakunywa soda yangu na kucheka. Amekwenda nayo kaburini. Rafiki gani huyo?"

Alitoka na kofia yake. Kituku akamfuata. Josephat alibaki akikunja waya, na Mbula alibaki ameshika kile kiti.

Kwa sababu Mbula aliijua.

Hakujua ni uzi gani umepanda wala kituo ni nini; hakujua kushika gitaa hata kidogo. Lakini Obadiah hakuwa na kifaa cha kupimia sauti, na kumbukumbu yake ya sauti, alisema, ilikuwa inahama hama. Ndoa ilipoanza alimfundisha mkewe sauti sita, hazina maneno, na akamwambia azishike. Kila alipotaka kukaza nyuzi aliita jikoni: "Mbula, nipe." Naye, akikoroga sufuria au akishona sare za shule kwenye cherehani, alitoa sauti ya kwanza, akangoja uzi uifuate, akatoa ya pili, mpaka sita. Hazikuwahi kuhama kwake. Tangu siku ile ya kulegeza nyuzi hakuzitoa tena, hata peke yake. Nguo za Obadiah zilikuwa zimechukuliwa na ndugu, saa ilichukuliwa, baiskeli ilichukuliwa, na hata koti ambalo lilikuwa na kiatu cha mtoto mfukoni. Sauti zile sita hakuna aliyekuja kuzidai. Zilikuwa zake. Na sasa azitoe, bendi nzima izijue, wazipige kila baa? Alishona mpaka jioni, akashona mkono wa sare kinyume, akaufumua.

*

Alhamisi alimkuta Kilonzo kwenye kibanda chake cha kazi, mbele ya njia za reli, anakula muthokoi wa mahindi na maharagwe kwenye kopo.

"Karibu chakula," Kilonzo alisema bila kumtazama.

"Nimeshiba. Umekuja na gitaa?"

"Gitaa kazini? Unataka nifutwe?"

"Mimi nimekuja nalo." Kweli alikuwa nalo, limefungwa kwa leso, kama mtoto mgongoni. Alilishusha. "Shika. Uzi mnene kwanza."

Kisha Mbula, kwenye kibanda cha reli, saa sita mchana, akatoa sauti ya kwanza.

Ilitoka na kutu. Akakohoa, akaitoa tena. Kilonzo alimkodolea macho, halafu mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kigingi. Uzi ukapanda, ukaifikia. Ya pili. Ya tatu. Walipofika ya nne kigingi kilizunguka, kikazunguka, kikapita pale ambapo mtu yeyote mwenye akili angesimama.

"Wa nne!" Kilonzo alinong'ona. "Mungu wangu, ni wa nne. Wa nne sikuwahi kuusema!" Na baada ya sita kumalizika akasema kwa uchungu, "Kwa hiyo mke aliijua."

"Mimi nilikuwa filimbi yake tu."

"Filimbi iliambiwa. Mimi sikuambiwa."

"Nilimwuliza, Kilonzo. Nilimwambia, mwonee huruma mwenzako, mwambie. Unajua alisemaje? Alisema, 'Siku nikimwambia, Jumapili hatakuja.'"

Kilonzo aliangalia reli.

"Wewe ulikuwa na zamu zako," Mbula akaendelea, "una watoto wako sita, una shamba Marungu. Alikuwa anaogopa. Alisema, 'Akiijua ataniletea soda ya nini?' Saa mbili asubuhi anakaa dirishani anakungoja kama posho."

Mtu mkubwa yule alifunika uso kwa kofia ya reli, akalia. Hakulia kidogo. Na Mbula, aliyeapa hatalia mbele ya watu wenye kazi, alikaa juu ya boksi la taa akalia naye, mpaka simu ya kibanda ikaarifu kwamba gari la Mombasa limeshapita Maungu, na Kilonzo akaenda kugeuza njia huku makamasi yanamtoka.

Jioni ile walijaribu mbele ya shuka. Vidole vikafuatana. Haikuwa kopo tena, ulikuwa wimbo, Kituku akaruka. Lakini Kilonzo alikunja uso. "Kuna kitu," akasema. "Karibu sana, lakini si penyewe. Kuna mahali panauma."

"Ni masikio yako," Kituku akamwambia. "Hii ndiyo."

"Siyo. Nilikaa pembeni yake miaka tisa."

Mbula alizitoa tena zote sita, mara tatu. Zilikuwa zilezile. Miezi kumi bila kutumika, labda moja imepinda, lakini ipi? Hakuweza kujua, na hilo lilimtia hofu kuliko yote.

*

Ukumbi wa kanisa walinyimwa. Mzee wa kanisa alisema hana neno na senema, lakini gitaa halitaingia, na tena mjane ambaye hata mwaka hajamaliza, ngoma anaipeleka wapi? Alisema hivyo sokoni, mbele ya wateja wa Mbula, mkononi ameshika sare ya mjukuu wake aliyoshonewa na huyohuyo mjane. Mbula alimfungia sare kwenye karatasi, akamwambia asante. Wakapata stoo ya magunia karibu na stesheni. Ilikuwa na joto la kuchemsha maharagwe.

Jumamosi, saa tisa mchana, Mama Lois akaingia, kitambaa cheupe kichwani, mkoba mkononi. Viti vilijaa watu wa landhi. Alikataa kiti cha mbele.

"Hapa mlangoni panatosha, mwanangu," alimwambia Mbula. "Nitaona uso, kisha nitakwenda. Gari la juu linaondoka saa kumi."

"Sawa, Mama."

"Na wale vijana na vyombo vyao?"

"Watapiga kidogo, Mama."

"Basi nitaondoka wakianza." Hakusema kwa ukali. Aliweka mkoba mapajani na kuushika kwa mikono yote miwili.

Taa zikazimwa. Obadiah akatokea akimcheka mtu asiyeonekana, na Mama Lois akatoa sauti ndogo, "Ee." Alisogeza kichwa mbele. Jino lile alilivunja kona yeye mwenyewe, Obadiah akiwa mtoto, kwa kumsukuma asianguke motoni. Alimwangalia mwanawe akila, akivuka reli, akigombana na Kilonzo juu ya shati. Bendi ilipiga polepole nyuma ya picha, ridhimu tu na ngoma ya mkono, na mama alivumilia hayo, labda hata hakuyasikia. Kisha katika filamu Kilonzo akafa. Obadiah akasimama kwenye kaburi la udongo wa kuigiza, gitaa mkononi.

Mama Lois akajua kinachofuata. Akasimama. Mkono ukawa mlangoni.

Na joto la stoo nalo likafanya kazi yake. Kilonzo alipochukua gitaa la Obadiah na kugusa uzi wa kwanza wa solo, nyuzi zote zilikuwa zimelegea. Kopo. Watu wakaguna, mtu mmoja nyuma akacheka waziwazi.

"Simamisha!" Kilonzo alimwambia Josephat. Projekta ikakohoa, ikasimama. Obadiah akaganda ukutani sekunde moja, Josephat akazima taa ya projekta haraka filamu isiungue, na stoo yote ikawa giza. Kilonzo hakujali watu. Aliita gizani, kwa maneno yaleyale, bila hata kujua ameyachukua kwa nani: "Mbula, nipe."

Mjane, mbele ya mama mkwe, mbele ya landhi nzima na yule mzee wa kanisa aliyechungulia dirishani, aimbe? Mbula alisimama. Sauti yake ilikuwa imara. Ya kwanza. Uzi ukafuata. Ya pili. Ya tatu.

Mlango, uliokuwa umefunguka nusu, ukabaki hivyohivyo.

Ya nne.

"Siyo hivyo," Mama Lois alisema.

Kilonzo aliachia kigingi.

"Nani amekufundisha hiyo?" Mama Lois akauliza.

"Obadiah, Mama. Ya kukazia nyuzi. Ndiyo aliyoitumia siku zote."

"Hiyo ni yangu," mwanamke yule mzee akasema. "Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwita, anachunga ng'ambo ya bonde, aje kula. Maneno hayafiki ng'ambo. Sauti ndiyo inafika." Walisikia mkoba ukibadilishwa mkono. "Lakini ya nne unaishusha, mwanangu. Hapo inapanda. Hapo ndipo alipokuwa anageuka."

Akavuta pumzi, yeye ambaye hakuwahi kuimba nje ya kanisa, akaita. Haikuwa sauti ya kanisani. Ilitoka kifuani kama ya mtu aliye juu ya jabali, sita zote, na ya nne ikapanda unywele mmoja tu juu ya pale Mbula alipokuwa akiiweka. Kilonzo alizungusha kigingi, unywele mmoja. Akagusa. Kile kilichokuwa kinauma kikaacha kuuma.

"Ndiyo hiyo," Kilonzo akasema. "Mama, ndiyo hiyo."

"Gari la juu limeshaondoka?" Mama Lois aliuliza.

"Bado, Mama. Bado dakika kumi."

"Liende."

Alipapasa gizani mpaka kiti cha mbele, kile alichokikataa. Akakaa. Akaweka mkoba chini.

"Haya," akamwambia Josephat. "Mrudishe mwanangu, umwanze upya."